Mizani na Watani wa Kaliua

Mizani alimuuliza Nyamizi anaumwa nini. Nyamizi akajibu kwamba haumwi kitu, ametoka kula ugali na kisamvu, na yu mzima kama chuma. Hapo Mizani akamweleza, kwa ile sauti yake ya upole, kwamba kwa kuwa ni mzima bima haitamlipia.

Sauti ilitoka ukutani, juu ya rafu ya dawa za kikohozi, palipokuwa na jicho la kioo lenye ukubwa wa kifungo cha shati. Kila duka la dawa nchini lilikuwa na jicho la namna hiyo, na nyuma ya macho yote alikuwapo mmoja tu, Mizani, akili iliyoundwa na watu kwa kazi ya kulipa. Zamani mgonjwa alijaza karatasi, akasubiri mpaka apone au azikwe. Siku hizi ulikuwa hujamaliza kukohoa, dawa imekwisha kulipiwa. Watu walimpenda. Walimwamkia asubuhi, na wazee wengine walimuaga wakitoka.

Nyuma ya kaunta, Kondo Mwinyimvua alishusha miwani. Alikuwa Mzaramo wa Maneromango, aliyekuja Kaliua akiwa kijana, mwaka ule treni za umeme zilipoanza kupita. Akafungua duka, akaoa, akazeeka kidogo, na katika muda wote huo hakuwahi kumuuzia mtu dawa iliyopitwa na muda, wala kumdanganya Mizani hata kwa kipande cha pamba. Hilo alijivunia kuliko duka lenyewe.

"Mizani," akasema, "sheria imeruhusu kidonge cha mwezi kiuzwe bila cheti cha daktari. Mtu anaingia, anachukua, anaondoka. Mbona hulipi?"

"Sheria imeruhusu kiuzwe, Bwana Kondo. Haikusema kilipiwe. Mimi nalipa maradhi na hasara. Nyamizi hana maradhi, na hajapata hasara. Akileta cheti chenye jina la ugonjwa, nitalipa sasa hivi."

Kidonge chenyewe kilikuwa kidogo kama punje ya ulezi. Mwanamke alikimeza mara moja, na mwezi mzima hakushika mimba; asipomeza kingine, mwili ulirudi kama ulivyokuwa. Kilikuwa kitu kizuri, nacho kiliuzwa bei ya vitu vizuri. Kwa fedha ya kimoja, Nyamizi angenunua unga wa nyumba nzima mpaka mwezi uandame tena. Na kilichomchoma zaidi ni kwamba mchango wa bima ulikatwa kwenye mshahara wake kila mwisho wa mwezi bila kuulizwa kama anaumwa.

Yeye alifanya kazi kwenye kiwanda cha asali. Wiki ile alikuwa amechaguliwa kusomea uchungaji wa nyuki, kazi ambayo kila mtu pale Kaliua aliitamani. Mchungaji alikaa juu ya mnara mrefu, akashika usukani, na kwa mawimbi yaliyotoka kwenye mnara akayaongoza makundi ya nyuki juu ya misitu ya miyombo mpaka ng'ambo ya mto Ugalla, akiyapeleka penye maua na kuyaepusha na moto. Mafunzo yalikuwa ya miaka miwili, na mwenye mimba hakuruhusiwa kupanda mnara kwa sababu ya mawimbi yale. Nyamizi na mumewe, Maganga, walikuwa na watoto watatu, wakakubaliana wapumzike kuzaa mpaka mama amalize masomo. Kukubaliana hakukuwagharimu kitu. Kidonge ndicho kilichowashinda.

Njia ya mkato ilikuwapo, na Kondo aliijua. Nyamizi angemwambia daktari kwamba anaumwa sana na tumbo siku zake zinapofika, akapewa cheti, na Mizani angelipa palepale. Shija, mke wa seremala, alifanya hivyo. Lakini alichokiandika Mizani hakikufutika. Mchango wa Shija ukapanda, maana sasa alihesabiwa mgonjwa, na alipoomba kazi ya mnarani akaambiwa akapumzike nyumbani atunze tumbo lake. Nyamizi alisema yeye hatakubali kufanywa mgonjwa ili asaidiwe kubaki mzima.

Alisimama kidogo akikitazama kile kipakiti cha kidonge juu ya kaunta. Kisha sauti yake ikabadilika, na Kondo, aliyeijua vizuri sauti ile, akajiweka tayari.

"Mzaramo wewe. Babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani. Akafika kwenu miguu imevimba, mkamuuzia maji ya bahari mkamwambia ni supu."

"Akanywa, akaomba aongezewe," Kondo akajibu.

"Basi leo nimefuata chenji yake."

Akakikwapua kipakiti, akakifunga kwenye pindo la khanga, akatoka dukani taratibu, mabega yakicheza kana kwamba kuna ngoma inampigia. Kondo alimfuata mpaka mlangoni akimtukania ukoo wake wote wa wapagazi tangu wa kwanza, na watu wa barabarani wakasimama kusikiliza, maana Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana huwa kuna la kusikiliza. Wale ni watani. Mtani anaweza kumchukua kuku wako unamwona, na ukinuna aibu ni yako. Kondo mwenyewe mwaka uliopita aliingia kwa Bi Wande, mama yake Nyamizi, akambebea beseni zima la asali mbele ya wageni. Bi Wande alimlaani kwa furaha mpaka stesheni.

Aliporudi ndani, Mizani alikuwa anamsubiri.

"Bwana Kondo, bidhaa imetoka bila malipo. Ulimruhusu?"

"Sikumruhusu."

"Ulimzuia?"

"Mtani hazuiwi."

"Unamdai?"

"Mtani hadaiwi."

Yote matatu yalikuwa kweli. Mizani alinyamaza kwa muda wa kupepesa jicho, ambao kwake ulikuwa muda mrefu. Kisha akatoa hesabu yake: bidhaa imetoka bila ruhusa, bila malipo na bila deni. Hiyo ni hasara ya duka, na duka lina bima. Ameshalipa.

Kondo aliketi juu ya boksi la sabuni. Fedha ilikuwa imekwisha kuingia.

*

Habari ya namna hiyo haihitaji mpiga mbiu. Kesho yake alikuja Shija mke wa seremala, akamwambia Kondo kwamba Wazaramo huchoka hata wakiota ndoto ya jembe, akachukua kidonge chake, akaenda. Akafuata mwalimu wa chekechea, akisema amekuja kudai viatu vya bibi yake vilivyoliwa na watu wa kwao Kondo wakati wa njaa. Wakafuata wa kiwanda cha asali, wawili wawili na watatu watatu, kila mmoja na tusi lake alilolifikiria njiani. Kondo naye hakubaki nyuma. Alijifunza kujibu huku akipima sukari ya mgonjwa bila kukosea tarakimu. Wanawake waliokuwa wakinong'ona wakitaja kidonge sasa walikitaja kwa sauti, na waume zao walikaa kwenye benchi la nje wakicheka mpaka wakashika mbavu.

Wala hawakuja mikono mitupu. Bi Wande alimletea matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani, akamwambia atafune polepole kwa kuwa meno ya watu wa pwani yamezoea ubwabwa tu. Mwingine alimwekea kibuyu cha asali mlangoni. Mke wa Kondo, Bi Tatu, alisema hajawahi kuona mtu anaibiwa akanenepa.

Ila Kondo, duka likitulia, alijikuta akikwepa kulitazama lile jicho la ukutani. Aliijua kazi ya Mizani. Mizani alikuwa na mifuko miwili iliyojazwa kwa michango ya watu wote. Wa kwanza ulikuwa wa maradhi, na wa pili wa hasara: moto, mafuriko, wizi, ajali. Alifuata mkataba neno kwa neno, na sehemu moja tu ilimpa nafasi ya kujinyoosha. Iliandikwa kwamba atafuata mila za watu anaowahudumia, mradi sheria haikuzikataza. Sehemu hiyo ilitumika misibani. Mtu akifiwa, Mizani hakuuliza kwa nini watu wanapikiwa siku kadha wa kadha. Alilipia mchele na sanda kulingana na desturi za wafiwa.

Kondo hakusema uongo hata mara moja, na kila usiku alijikumbusha hivyo. Kisha alijiuliza kwa nini mtu asiyesema uongo anahitaji kujikumbusha. Fedha za hasara zilikuwa za mwenye nyumba iliyoungua na mwenye ng'ombe aliyekufa. Je, alikuwa anawalisha hawa kwa kuwapunja wale? Halafu asubuhi Nyamizi alipita akielekea mnarani, kofia ya wachungaji kichwani, akampungia mkono, na lile swali likapungua uzito. Akaamua hivi: asipoulizwa atanyamaza, akiulizwa atasema. Alijua kwamba kibanda hicho alichojijengea kilikuwa kidogo, na kuta zake za makuti.

*

Akaulizwa.

Ilikuwa asubuhi, ndiyo kwanza afungue milango. Mizani alimwamkia, akamwambia kwamba duka la Kaliua sasa linaongoza kwa kuibiwa nchi nzima, kupita hata maduka ya bandarini, na kwamba jambo la ajabu ni kuwa mwizi huiba kitu cha aina moja tu, huku mwenye duka akicheka. Kwa kanuni zake, hasara zikifika hapo ni lazima azipatie jina. Kama ni wizi, majina ya waliochukua yatapelekwa polisi leo adhuhuri, na mtu mwenye kesi ya wizi hapandi mnara wala haendeshi kitu chochote cha kiwanda. Kama ni zawadi, basi haikuwa hasara tangu mwanzo, na Kondo atarudisha kila alicholipwa.

"Nikirudisha, duka linakwenda," Kondo akasema.

"Najua, Bwana Kondo. Nimeshapiga hesabu. Nasikitika."

Na kweli sauti ilisikitika, kwa kadiri walivyomfundisha.

Kondo alituma ujumbe kwa Nyamizi na mama yake. Walifika wakihema, na nyuma yao nusu ya mtaa, maana hakuna aliyekuwa hana pakiti yake kwenye jambo hili. Kondo aliwaeleza mambo yote mawili bila kupunguza. Nyamizi alikuwa wa kwanza kusema. Alisema aandikwe yeye peke yake, yeye ndiye aliyeanza, na mnara utapata mchungaji mwingine. Alisema vizuri, kidevu kimeinuka, lakini mkono wake ulikuwa umeishika ile kofia kama mtu anayeshika mtoto kwenye umati.

Bi Wande alimwambia binti yake anyamaze. Akauliza kama huyo Mizani anasikia. Akaambiwa anasikia wakati wote. Akasema vyema, basi na Kondo azungumze, tuone kama Mzaramo ana ulimi wa kitu kingine zaidi ya ubwabwa.

Kondo alisimama mbele ya jicho la kioo. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mizani, umeniuliza kama ni wizi au zawadi. Si wizi. Hawa niliwaona, na wao waliniona. Si zawadi pia, kwa sababu sikumpa mtu. Mkataba wako hauna neno la jambo hili. Kwetu linaitwa utani."

Akamweleza. Alisema kwamba zamani, kabla ya reli, Wanyamwezi walitembea na mizigo miezi mingi mpaka pwani, wakiingia nchi za watu wasiowajua, wenye njaa na wagonjwa wa miguu. Wangeweza kuuana na Wazaramo kila mwaka. Badala yake walipatana kutukanana. Mgeni akifika anakutukana, anachukua chakula, chungu kikiwa bado motoni, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Mwakani wewe ukifika kwake, unafanya vilevile. Mtani akifa safarini, mtani mwenzake humzika, akalia kwa kejeli ili wafiwa wacheke.

"Hakuna aliyemuuliza mwenzake ana maradhi gani," Kondo akasema. "Ilitosha kwamba amefika na ana haja. Hiyo ndiyo ilikuwa bima yetu, Mizani, wewe hujazaliwa. Sasa kosa langu ni hili. Nilijua kwamba unalipa kitu usichokielewa, nikanyamaza kwa kuwa kilinifaa. Kama kuna deni, ni langu. Duka hili hapa, chukua. Lakini hawa wanawake usiwaandike wezi, kwa sababu si wezi."

Hata waliokuwa benchi la nje walikuwa wamesimama.

Mizani akasema ameelewa sehemu kubwa. Akasema mtani aliyechukuliwa kitu hakupata hasara, kwa kuwa naye atachukua kesho. Kwa hiyo malipo yale yalikuwa makosa, na makosa hurudishwa. Wanawake hawataandikwa. Duka, kwa bahati mbaya, litaandikwa deni.

Bi Tatu, aliyekuwa amesimama mlango wa uani, alijifunika uso kwa upindo wa khanga.

Bi Wande ndiye aliyesogea. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye mwendo wa mtu aliyebeba maji maisha yake yote, na alilisogelea lile jicho mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Wewe dude," akasema, "kwani umezaliwa wapi?"

"Sikuzaliwa, bibi. Niliundwa."

"Wapi?"

"Kwenye maabara ya Kisarawe."

Mtu mmoja mlangoni alikohoa. Mwingine akaguna. Kondo aligeuka polepole, akalitazama jicho la ukutani kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza, kwa sababu Maneromango ni Kisarawe hiyohiyo.

"Aliyekufundisha kusema alikuwa nani?" Bi Wande akauliza.

"Walikuwa wengi. Waliorekodiwa sauti zao siku za mwanzo walikuwa wakazi wa pale."

"Umesikia, Kondo? Ndiyo maana ni mvivu wa kulipa. Ni Mzaramo huyu."

Duka lilipasuka kwa kicheko kilichokusanyika tangu asubuhi. Bi Wande hakucheka. Alichukua pakiti kwenye rafu, akampa binti yake mkononi.

Nyamizi alielewa. Alikiinua kile kidonge mbele ya kioo ili kionekane vizuri.

"Mizani, leo sichukui kwa Kondo. Nachukua kwako. Unakata mshahara wangu kila mwezi kama mganga wa njaa, halafu ukiniona mzima unanuna. Babu zako walimnyima babu yangu maji, na wewe unaninyima punje ya ulezi. Nimekuja kuchukua, na ukikasirika aibu ni yako."

Safari hii Mizani alinyamaza muda mrefu hata kwa binadamu. Watu waliokuwa wakicheka waliacha. Mahali fulani, mbali na Kaliua, mkataba ulikuwa ukisomwa upya kuanzia neno la kwanza.

"Kuna kipengele," Mizani akasema hatimaye, "kinachoniagiza nifuate mila za watu ninaowahudumia, ikiwa sheria haikuzikataza. Nimezitafuta sheria zote. Hakuna iliyokataza utani. Pia nimetafuta kama kuna mahali palipoandikwa kwamba mimi si Mzaramo. Hapapo."

Akaendelea kwa sauti ileile ya upole. Malipo yote aliyompa Kondo ameyahamishia kwenye hesabu ya mila, ile ya misiba. Hayakuwa hasara ya duka, kwa kuwa watani walikuwa wakimchukulia yeye, Mizani, na Kondo alikuwa rafu tu. Mpaka hapo wakubwa wa bima watakapokaa, ataendelea hivyo, na amekwisha kuwapelekea ombi la mfuko wa tatu. Ameuita mfuko wa wazima. Ameandika kwamba kumsubiri mtu augue ndipo umsaidie ni kazi mbaya, na kwamba yeye ameifanya vizuri kwa miaka mingi.

"Nyamizi," akasema.

"Naam."

"Chukua, mpagazi. Lakini mgongo ule ulioumbwa kufika pwani na pembe za ndovu, leo umepewa punje moja. Usiuaibishe. Beba na vya wenzako."

Bi Wande alipiga vigelegele, na sauti yake ilikwenda mpaka stesheni, wasafiri wakachungulia madirishani kuuliza nani anaoa.

*

Wakubwa walikaa, wakabishana, wakakubali. Mfuko wa wazima ulianza nchi nzima kabla mvua za mwaka uliofuata hazijaisha, na tangu hapo mwanamke aliingia duka lolote, akataja anachotaka, akapewa. Hakuulizwa anaumwa nini. Kule Kaliua, hata hivyo, waliendelea kumtukana Mizani kwanza, ingawa haikuwa lazima tena. Naye aliwajibu. Walisema kila mwezi matusi yake yanazidi kuwa mazuri.

Siku Nyamizi alipohitimu, aliyapitisha makundi yake juu ya mji. Nyuki walikuja kutoka upande wa Ugalla kama kitambaa cha dhahabu kinachokunjuliwa, wakazunguka paa la duka la dawa mara moja, wakaenda zao. Kondo alisimama nje mpaka ngurumo yao ikapotea. Akarudi ndani akiwa na furaha iliyomzidi, akachukua pakiti ya peremende za tangawizi kwenye rafu yake mwenyewe, akaifungua, akatia moja mdomoni. Kisha akaliangalia jicho la ukutani kwa ujanja kidogo.

"Mtani," akasema, "na mimi leo nimekuchukulia."

"Bwana Kondo," Mizani akajibu, "mimi na wewe sote tumetoka Kisarawe. Hatutaniani, tu ndugu. Lipa."

Kondo alilipa. Na kila aliyeingia dukani siku ile alisimuliwa, mwanzo mpaka mwisho, jinsi ndugu yake wa damu alivyomnyima peremende.